Kitufe Kisicho na Jina

Alikuja Jumatatu, saa tatu na nusu,
Mize binti Shaame wa Limbani,
fimbo mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto,
akauliza mlangoni: "Yuko wapi aliyeijenga tovuti ya baraza?"
Nikainuka, kifua mbele.
Nilidhani sifa zimenifuata ofisini.

Rangi nilizichagua mimi: kijani cha mkarafuu,
herufi za kijivu juu ya weupe, nyembamba kama ukili uliochanwa,
na picha ya soko jipya la Wete
ikijikunjua polepole kama kanga ya dukani.
Mkubwa wangu aliitazama, akasema mashaallah.

Bi Mize akavuta kiti.
"Fumba macho, mwanangu. Usichungulie.
Niombee kizimba sokoni."
Akaniwekea simu kiganjani, ikaanza kusema
kwa Kiswahili cha mtu asiyewahi kuwa na mama:

Picha.
Picha.
Kiungo.
Kitufe kisicho na jina.
Picha.
Kitufe kisicho na jina.

Nikabonyeza. Nikarudi mwanzo.
Nikabonyeza tena, likafunguka tangazo,
lile la vizimba, lenye mhuri na tarehe ya mwisho,
nililolipitisha kwenye skana nikalipachika vivyo hivyo.
Simu ikalizunguka tangazo zima, mistari arubaini,
ikasema: Picha.

Kwa kubahatisha nikafika pa kuthibitisha
kuwa mimi ni binadamu:
nichague visanduku vyenye bomba la zimamoto.
"Hapo," alisema Bi Mize,
"mimi mwezi wa pili huu sijathibitika."

Nikafumbua macho. Shati limenigandama mgongoni.
Hakuwa amecheka.
"Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba.
Vitufe vyako vina miaka miwili."

Mkubwa wangu, nilipomwendea, hakuinua kichwa kwenye faili.
"Kwani wasioona wangapi wanaoingia humo?"
Nikasema: hakuna, bwana.
Nyumba isiyo mlango, nani atahesabu waliobisha?
(Hilo la mlango sikulisema. Nalisema hapa.)

Usiku ule chai ya mchaichai ilipoa mbele yangu
nikivipa majina, kimoja kimoja:
Wasilisha ombi. Rudi nyuma.
Pakua fomu ya leseni. Tafuta shehia yako.
Tangazo nikalichapa upya, neno kwa neno.
Herufi za kijivu nikazikoleza hadi zikawa kama masizi.
Video ya kikao nikaisikiliza mara tatu,
nikaiandikia maneno chini, kwa ajili ya Makame fundi cherahani,
asiyesikia, ambaye kila asubuhi hunipungia mkono
nami hupita.

Picha ya uzinduzi ikanikwamisha.
Niandike "viongozi wakizindua soko"?
Nikaandika kilichomo:
Watu wanane wakitazama utepe.
Nyuma yao mwanamke kabeba tenga, anasubiri wampishe.

Alhamisi Bi Mize akarudi. Akaketi, akapapasa kioo.
Kitufe: Omba kizimba.
Akanyamaza. Akarudisha kidole nyuma aisikie tena.
Kitufe: Omba kizimba.
Akabonyeza.
Maombi yamefungwa tangu tarehe kumi na tano.

Feni ilizunguka juu yetu.
"Haya," alisema, "safari hii limenambia lenyewe."
Akakunjua fimbo yake. Mlangoni akageuka:
"Vya mwakani vitatangazwa lini?"
Sikujua. Niliandika swali lake kwenye karatasi,
nikaona ninavyoliandika, kwa haraka, kwa mwandiko
ambao hata mimi kesho nisingeusoma,
nikaifuta, nikaanza upya.

Chini kabisa ya ukurasa niliwahi kutia jina langu,
kwa picha, herufi za madoido,
mkia wa mwisho umepinda kama ndoana.
Hilo sijaligusa.
Simu ikifika pale husema picha,
hupita.